Kansere mashariki mwa Kongo: hesabu yetu ingali inapigwa na majirani

Kila mara hesabu za kansere za dunia zinapotolewa, jina la inchi yetu linakuwamo. Hesabu hizo zinaitwa GLOBOCAN. Zinatengenezwa na IARC, kituo cha utafiti wa kansere cha Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, chenye makao yake Lyon, Ufaransa. Ukifungua ukurasa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo utaona wanawake wangapi wanapata kansere ya mlango wa kizazi kwa mwaka, wanaume wangapi wanapata kansere ya prostati, na wangapi wanakufa. Namba zimeandikwa mpaka mtu wa mwisho. Anayesoma haraka anaweza kuwaza kwamba kuna mtu alipita Uvira, Beni, Kindu na Kalemie, kalamu mkononi.

Hakuna aliyepita. Kwa inchi isiyokuwa na daftari la kansere lenye kutosha, wataalamu wa Lyon wanachukua viwango vya inchi jirani zenye madaftari, wanatafuta wastani wake, kisha wanazidisha kwa idadi ya watu wa inchi ile. Hawafichi. Wanaandika wazi namna walivyofanya, na mwenye kusoma maelezo mpaka chini ataona. Lakini hata ile idadi ya watu wanayozidisha nayo ni makisio, kwa sababu Kongo ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo amepita miaka 40, na pengine amekwisha kuitwa babu. Basi namba tunazosomewa kwenye semina za hoteli ni makisio yaliyopangwa juu ya makisio mengine, na msingi wake ni wagonjwa wa inchi za watu.

Siwalaumu watu wa Lyon. Wangeacha ukurasa wetu mweupe, tungelalamika zaidi. Lawama yangu iko hapa nyumbani. Tuna hospitali kubwa, tuna vyuo vikuu, tuna waganga ambao wamechapisha maandiko juu ya wagonjwa wao wa Bukavu, Goma na Lubumbashi. Lakini uliza leo swali dogo: kwa wakaaji 100 000 wa Bukavu, wanawake wangapi wanapata kansere ya ziwa kila mwaka? Jibu utakaloletewa litakuwa la Kampala ao la Kigali, limevalishwa nguo za kwetu.

Kwanza tuelewane juu ya neno daftari, sababu mara nyingi viongozi wanalichanganya. Kila hospitali ina daftari lake: nani aliingia, aliumwa nini, alitoka lini. Hilo linasaidia hospitali yenyewe, lakini halisemi kitu juu ya mji. Hospitali yenye mpasuaji mashuhuri itajaa wagonjwa wa kupasuliwa. Hospitali ya mamisionari itajaa akina mama. Daftari la kansere la eneo ni kitu kingine. Kunachaguliwa eneo lenye mipaka inayojulikana, tuseme mji mmoja, kisha kunatafutwa kila mkaaji wa eneo lile aliyepata kansere mwaka ule, mahali popote alipotibiwa, hata yule ambaye hakutibiwa kabisa. Hapo ndipo unaweza kugawanya wagonjwa kwa idadi ya wakaaji na kupata kiwango ambacho kinaweza kulinganishwa na cha mji mwingine.

Kazi yenyewe haina utukufu. Mwandikaji wa daftari anazunguka. Leo yuko kwenye maabara ya anatomopatoloji, ile ambayo waganga wetu huita kwa ufupi anapat, ananakili majibu ya vipande vya nyama vilivyopimwa kwa hadubini. Kesho yuko wodi ya wanawake, kesho kutwa wodi ya watoto, kisha kwa wale wanaopima na ekografi, kisha mahali wanapoandikisha vifo, kama wanaandikisha. Kwa kila mgonjwa anaandika jina, jinsia, umri, mahali anapokaa, siku ugonjwa ulipojulikana, sehemu ya mwili, aina ya kansere, na namna ilivyojulikana. Kisha anageuza maneno kuwa alama ambazo dunia nzima inatumia: ziwa ni C50, mlango wa kizazi ni C53, na aina ya kidonda ina namba yake ya tarakimu nne. Kwa alama hizo muganga wa Lyon, wa Harare na wa Bamako wanaelewana bila mkalimani.

Kisha inakuja kazi ngumu kuliko zote, ile ya kutafuta mtu aliyeandikwa mara mbili. Kwetu jambo hili si dogo. Furaha Bahati wa hospitali moja anaweza kuwa Bahati Furaha wa maabara nyingine. Mwezi ujao ameandikwa kwa jina la mume. Mwaka wa kuzaliwa umeandikwa "karibu 1960". Mwandikaji mzuri anatafuta jina la mama, avenue, namba ya simu, anapiga simu kwa kituo cha afya cha mtaa. Programu ya kompyuta inayoitwa CanReg5, ambayo IARC inaitoa bure, inamsaidia: inaonyesha majina yanayofanana, inakataa mambo yasiyowezekana, kama vile kansere ya prostati kwa mwanamke. Lakini programu haitoki ofisini kwenda kuuliza.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi wanaelewa kinyume. Mkubwa wa afya akisikia kwamba daftari fulani lina wagonjwa ambao wote, asilimia 100, wamehakikishwa na maabara, atapiga makofi. Haifai. Kansere ya ini, kwa mfano, kwetu mara nyingi inajulikana kwa ekografi na kwa macho ya muganga tu. Hakuna anayekata kipande. Mgonjwa amekwisha kuisha, jamaa hawana pesa, na kumchoma sindano ya ini kunaweza kumuua. Daftari ambalo lina majibu ya maabara peke yake limewaacha watu hao nje. Linaonekana safi kwa sababu halikutoka kwenye jengo la maabara. Wataalamu wanaangalia alama hiyo kwa pande zote mbili: ikiwa ndogo sana, uchunguzi ni dhaifu, ikiwa kubwa mno, mwandikaji hakuzunguka.

Sasa twende Kampala, sababu ndiko tunakoazima namba. Daftari la kansere la Kampala lilianza mwaka 1951, katika idara ya patolojia ya Makerere, kwa wakaaji wa eneo la Kyadondo, ambamo mji wa Kampala wenyewe unakaa. Mwaka 1966, kitabu cha kwanza cha kulinganisha kansere za mabara matano kilipotoka, Kyadondo ilikuwamo. Katika hospitali hiyo hiyo ya Mulago ndimo mpasuaji Denis Burkitt aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa mataya kwa watoto, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Baadaye alipanda gari pamoja na wenzake, akapita hospitali moja baada ya nyingine kuelekea kusini mwa Afrika, akiuliza swali moja tu: mmekwisha kuona watoto kama hawa? Kutokana na majibu ilichorwa ramani, na ramani ikaonyesha kwamba uvimbe ule unafuata joto na mvua, mahali ambapo malaria haiishi. Na ikajulikana kwamba unasikia dawa. Mtoto ambaye angekufa kwa wiki chache aliweza kupona kwa dawa tu, bila kisu. Hayo yote yalianza kwa watu kuandika na kulinganisha, miaka ambayo Kampala haikuwa na mashine ya miale wala kompyuta.

Ninalisimulia hili kwa sababu kila mara unapozungumza juu ya kuhesabu kansere, mtu anasimama na kusema: kuhesabu kuna faida gani ikiwa dawa hatuna? Ni swali la haki. Anayeuliza mara nyingi amezika mtu. Lakini anadhani kwamba dawa inakuja kwanza na hesabu inafuata, na mambo hayaendi hivyo. Angalia Gambia, inchi ndogo kuliko majimbo yetu mengi. Mwaka 1986 walianza kuchanja watoto wachanga dhidi ya hepatiti B, ambayo inaleta kansere ya ini, na mwaka huo huo wakaanzisha daftari la kansere la inchi nzima. Walijua kwamba kansere ya ini inakuja mtu akiwa mkubwa, kwa hiyo jibu la chanjo lingengoja miaka mingi. Bila daftari lililoanza mapema, hakuna ambaye angeweza kujua kama chanjo imefanya kazi.

Sisi tunakaribia mahali pale pale kwa kansere ya mlango wa kizazi. Rwanda ilianza kuchanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV mwaka 2011. OMS imeweka mpango wa mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena miaka 45, asilimia 90 ya wenye ugonjwa watibiwe. Siku chanjo itakapofika kila shule ya Walungu na ya Rutshuru, miaka 20 baadaye mtu atauliza: imepunguza nini? Atakayejibu anahitaji hesabu ya leo. Hesabu ya leo haiwezi kuandikwa kesho.

Hilo Kampala inalijua vizuri, hata kwa uchungu. Idi Amin alipochukua utawala mwaka 1971, waganga wengi walikimbia na kazi ya daftari ikafifia. Ilianzishwa upya mwishoni mwa miaka ya 1980. Walipoanza kuandika tena walikuta mambo yamegeuka. Kansere ya Kaposi, ile ya madoa meusi kwenye ngozi, ilikuwa imepanda mpaka kuwa ya kwanza kwa wanaume. Ukimwi ulikuwa umefika. Lakini waliweza kusema "imepanda" kwa sababu walikuwa na karatasi za miaka ya 1950. Na hapa tunaguswa sisi wenyewe: Kaposi ilijulikana mashariki mwa Kongo tangu wakati wa Wabelgiji, kabla ya mtu yeyote kusikia neno ukimwi. Waganga wa ukoloni waliandika juu yake. Ni jambo la ajabu kwamba miaka ya 1950, mtafiti alikuwa na jambo la kusema juu ya kansere ya Kivu kutokana na Kivu yenyewe, na leo anaazima.

Jirani mwingine, Rwanda, alipita njia yenye huzuni zaidi. Daftari la Butare lilianza mwaka 1991. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yakalikata. Ilikuwa miaka mitatu tu ya kazi, katika eneo moja. Hata hivyo zile kurasa zilichapishwa mwaka 1996, na kwa muda mrefu mtu aliyetaka kujua kitu juu ya kansere ya Rwanda alirudi kwenye miaka ile mitatu. Ninawaambia wale wanaosema kwamba katika inchi yenye vita daftari ni kazi bure: Butare inawajibu.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo limenifanya niandike.

Watu wetu wanavuka mpaka kwenda kutibiwa. Kila familia ya mashariki inajua njia hiyo. Wengine wanakwenda Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako hospitali ya kansere ilifunguliwa mwaka 2012. Wengine Kigali, wengine Kampala kwenye taasisi ya kansere ya Mulago. Wa Kalemie na Moba wanaangalia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mpaka Ocean Road ya Dar es Salaam. Wenye uwezo wanakwenda Nairobi ao India. Wanauza shamba, wanauza kiwanja, kanisa linachangisha. Wakifika huko wanapimwa, wanapata jibu la anapat lililo wazi, ugonjwa unapewa jina lake. Unadhani basi wanahesabiwa huko?

Hawahesabiwi. Kumbuka kanuni ya daftari la eneo: linaandika wakaaji wa eneo lake. Daftari la Kampala linahesabu mkaaji wa Kyadondo. Mama aliyetoka Butembo, akalala kwa jamaa Kampala miezi miwili akichomwa dawa, si mkaaji wa Kyadondo. Mwandikaji wa kule akifanya kazi yake sawasawa, anamweka pembeni. Na ana haki, kwa maana akimchanganya na watu wake kiwango cha Kampala kitapanda kwa uongo. Upande wetu hakuna anayemngoja kwa kalamu. Kwa hiyo yule mama ambaye ugonjwa wake umejulikana kwa uhakika kuliko wa wote, mwenye karatasi, mwenye picha, mwenye jibu la hadubini, ndiye asiyekuwapo popote. Hayumo kwa Uganda, hayumo kwa Kongo. Kisha mwisho wa mwaka tunapewa namba iliyotoka katika daftari lile lile lililomweka pembeni.

Mwaka 2016 mashine ya miale ya Mulago, iliyonunuliwa mwaka 1995, iliharibika kabisa. Magazeti ya Uganda yaliandika sana, na serikali yao ikabanwa mpaka mashine mpya ikaanza kazi kunako 2018. Wakongomani waliokuwa kwenye foleni ile ni wangapi? Hakuna liwali wetu aliyeulizwa swali hilo, sababu hakuna aliyekuwa na namba ya kumuuliza nayo. Mgonjwa asiyehesabiwa hana hata namna ya kulalamika kwa niaba yake.

Wengine watasema: sisi hatuwezi, inchi ni kubwa, mambo ni mengi. Hapo ninakataa kabisa. Watu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri walihesabu Ebola ya 2018 mpaka 2020 kila siku, katikati ya risasi: wagonjwa 3 470, vifo 2 287. Kila mgonjwa alikuwa na namba na kijiji, na walitafuta jina la aliyemwambukiza na orodha ya aliokutana nao. Aina mpya ya mpox iliyoamsha dunia mwaka 2024 ilionekana Kamituga, kwa wachimba madini, na waganga wa kwetu walikuwa pale. Kila wiki maeneo ya afya yanatuma ripoti ya kipindupindu na surua. Kwa hiyo mikono ipo, na mazoea ya kuandika yapo. Kilichokosekana ni uamuzi kwamba kansere nayo inastahili kuhesabiwa. Kwa kuwa haiambukizi kwa mkono, na kwa kuwa haiogopeshi viwanja vya ndege vya Ulaya, hakuna anayelipa mtu wa kuiandika. (Ningetamani kuona siku moja gari la mradi lenye antena ndefu likienda kutafuta majibu ya anapat.)

Tusidanganyane juu ya ugumu wa kweli, lakini. Ugumu mkubwa ni wakaaji wenyewe. Daftari linauliza: huyu anakaa wapi? Mtu aliyekimbia Masisi mara tatu, akakaa kambini pembeni ya Goma, kambi ikavunjwa, akarudi nusu njia, anakaa wapi? Na tukigawanya wagonjwa kwa idadi ya wakaaji, idadi ipi, ile ya mwaka gani? Goma ilianguka mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Watu walikimbia, wengine walirudi, wengine wako Burundi. Hakuna hesabu ya wakaaji inayoweza kusimama juu ya ardhi inayotembea hivyo. Ndiyo maana siwaombi viongozi watangaze "daftari la kitaifa" kwa mkasi na utepe. Wakenya walianza na Eldoret mwaka 1999 na Nairobi mwaka 2001, mji na mji, kabla ya kutunga sheria ya kansere ya 2012 inayosema juu ya daftari la inchi nzima. Nasi tungeanza na mji mmoja ambamo mambo yametulia kidogo na maabara ya anapat inafanya kazi. Lubumbashi inaweza, na Kisangani pia inaweza kujaribu. Na katika miji ambayo haijatulia, hospitali ziendelee kuandika vizuri kila mgonjwa pamoja na mahali alipotoka, hata kama kiwango kwa wakaaji 100 000 hakiwezi kupigwa leo. Butare haikungoja.

Ugumu wa pili ni woga, na woga huu ninauheshimu. Mtu akisikia kwamba jina lake na ugonjwa wake vitaandikwa mahali, atauliza nani atasoma. Mashariki mwa Kongo orodha ya majina, avenue na namba za simu si kitu cha kuchezea. Tumeona orodha zikitumiwa kwa mabaya. Na mwanamke ambaye mtaa mzima umejua ana kansere ya kizazi anaweza kufukuzwa na mume. Kwa hiyo kompyuta yenye majina isiunganishwe na intaneti. Chumba kifungwe, na wanaoingia wajulikane kwa idadi. Majina yanatumika ndani peke yake, kwa kazi ile niliyoeleza ya kutafuta aliyeandikwa mara mbili. Kinachotoka nje ya chumba ni hesabu bila majina: wanawake wangapi, wa umri gani, kansere gani, mwaka gani. Madaftari mengine ya Afrika yanafanya hivyo miaka na miaka.

Kuna woga mwingine unaosemwa kwa sauti ya chini na wasomi wetu: kwamba tutahangaika kukusanya, kisha mtu wa Ulaya atachapisha kwa jina lake. Limetokea, na wanaolisema hawana wivu, wana kumbukumbu. Lakini njia ya kushirikiana imebadilika. Tangu mwaka 2012 kuna mtandao wa madaftari ya kansere ya Afrika, unaojulikana kwa herufi AFCRN, na ndio unaosaidia IARC kwa upande wa Afrika kusini ya Sahara. Daftari linaloingia linabaki na mali yake. Mtafiti anayetaka hesabu anaandika ombi, anaeleza atafanya nini, na madaftari yenyewe yanakubali ao yanakataa. Si mpango usio na kasoro. Walioandika tangu zamani wana sauti kubwa kuliko wanaoingia jana. Hata hivyo mwenye daftari ana kitu cha kuweka mezani. Asiye nalo anasomewa tu.

Na pesa? Programu ni ya bure. Mafunzo yanapatikana kupitia mtandao huo. Kinachobaki ni mishahara ya waandikaji wawili ao watatu, kompyuta, jenereta ndogo ao bamba la jua, pikipiki na mafuta yake. Hiyo ni gharama ambayo jimbo linaweza kuibeba bila kungoja mfadhili. Ninasisitiza jambo la mshahara kwa sababu ndipo daftari nyingi za Afrika zimefia: mradi unakuja, unalipa miaka mitatu, unaondoka, mwandikaji aliyejua kusoma alama zote anakwenda kufanya kazi kwa shirika la chakula, na miezi sita baadaye hakuna anayejua neno la siri la kompyuta. Mwandikaji wa daftari awe mtumishi wa afya kama mwingine, kwenye orodha ya malipo ya kitengo cha afya cha jimbo, si kwenye bahasha ya mradi.

Maabara nazo zina deni kwetu. Leo kipande cha nyama kinaweza kutoka Bunia mkononi mwa jamaa, ndani ya chupa iliyofungwa kwa nailoni, kikafika maabara ya mji mwingine ao ya inchi nyingine. Fomu imeandikwa jina na "uvimbe wa ziwa", basi. Hakuna umri, hakuna mahali anapokaa. Jibu likirudi, linamhusu mtu ambaye hakuna daftari linaloweza kumpangia mahali. Waganga wangu wapendwa, mistari miwili zaidi kwenye fomu haitawachukua dakika moja: umri na eneo la afya anakotoka. Mwandikaji wa kesho atawashukuru hata kama hajazaliwa.

Kisha kuna ombi kwa majirani, na hili linaweza kufanyika mwaka huu huu. Hospitali za Kampala, Butaro, Kigali na Dar es Salaam zinaandika mgonjwa anatoka wapi; wanapompanga kwa malipo ya mgeni wanalazimika kujua. Wale wanaowekwa pembeni kwa kuwa si wakaaji wa kule wamo kwenye makaratasi yao. Kitengo cha afya cha kila jimbo, cha Ituri, cha Kivu zote mbili, cha Tanganyika, kinaweza kuwaandikia barua na kuomba hesabu ya mwaka, bila majina: Wakongomani wangapi, kutoka jimbo gani, kansere gani, walifika ugonjwa ukiwa hatua ipi. Haitatupa kiwango. Itaonyesha walio na nauli tu, na maskini watabaki wamefichika. Lakini itakuwa mara ya kwanza watu hao wanaandikwa kwa jina la mahali walipotoka, na barua hiyo inahitaji muhuri na sahihi ya mkuu mmoja wa kitengo, ambaye ofisi yake inafunguliwa saa mbili asubuhi.